Mguu wa Gidamis na Karatasi ya Kondoo

Zamani mtu akimvunja mwenzake mguu, wazee wa pande mbili walikaa mpaka mguu ule upate thamani yake, na leo mguu unapewa namba ya faili na mwenye mguu anaambiwa arudi Alhamisi.

Namzungumzia Gidamis, jirani yangu wa Singe, Mbarbaig aliyetoka tambarare za Hanang na mke wake Anastasia baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe wote. Hapa mjini hakuwa tena na mifugo yake, ila aliishi kwa mifugo ya wengine. Wachinjaji walionunua mnadani walimkabidhi ng'ombe, naye akawaswaga kwa miguu hadi machinjioni, fimbo moja mkononi, bila makelele. Siku hizi ng'ombe hupakiwa kwenye gari kama magunia, anafika pembe imevunjika na macho yamemtoka. Wachinjaji wachache waliobaki na akili walimngoja Gidamis. Kazi yake yote ilikuwa miguu miwili, na alikuwa na ng'ombe wa kutosha kutembea nao mpaka uzee.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi, Fuso la saruji lilirudi nyuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi bila mtu wa kumwongoza dereva. Gidamis alikuwa anamzuia mtamba asikimbilie barabarani. Mtamba akapona. Yeye akavunjika mguu wa kulia mahali pawili, chini ya goti.

Polisi walikuja, wakapima, wakachora. Dereva alikiri kosa, akapelekwa mahakamani, akatozwa faini. Faini ikaenda serikalini, mguu ukabaki Singe. Mwanzoni walimfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, na baada ya picha ya pili daktari akasema mfupa haukukaa sawa: inabidi apelekwe hospitali kubwa, afunguliwe, awekewe chuma, kabla ya miezi mitatu kwisha. Ukichelewa, mfupa utajiunga upinde. Gharama ilikuwa milioni tatu na kitu. Gidamis na mkewe walikuwa na mbuzi wanne na biashara ya maziwa ya kuchukua kwa wengine. Lakini gari lilikuwa na bima, na kwa hiyo nilimwambia asiogope. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Darasa langu liliishia la nne, mengine nimejisomea, na nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba bima ipo kwa ajili ya watu kama yeye.

Sasa sikieni kosa lilipofanyika. Jumapili moja nilikwenda Sigino kuzika. Siku hiyo hiyo mwenye Fuso, mfanyabiashara mmoja aitwaye Elimringi, alifika kwa Gidamis na watu wawili, kondoo jike mweupe, mchele, sukari na shilingi laki mbili. Gidamis alifurahi kuliko siku zote tangu aumie. Kwa watu wake, aliyeumiza akija na kondoo anafungua maneno. Kondoo akishapokelewa, ndipo wazee wanaanza kukaa. Wanakaa siku nyingi, wanataja ng'ombe, wanakataa, wanaondoka kwa hasira, wanarudi, mpaka wanafika. Hakuna mtu mwenye akili timamu kwao anayedhani kondoo ndiye malipo ya mguu.

Elimringi alikuwa pia na karatasi. Gidamis aliulizwa, "Umepokea?" Akajibu amepokea. Akaweka dole gumba.

Nilipotoka msibani alinielezea akiwa anatabasamu. "Mzee Damasi, yule ni mtu. Amefungua. Sasa tutafute wazee."

"Karatasi ilisema nini?"

"Kwamba nimepokea kondoo."

Wiki iliyofuata tukaenda ofisi ya wakala wa bima, Gidamis kwenye magongo, Anastasia amebeba bahasha yenye PF3 ya polisi, ramani ya ajali, hukumu na barua ya daktari. Nakala za kila kitu, nakala za nakala, kila moja kwa mia mbili. Mezani alikuwa binti aitwaye Evelyne, kucha ndefu, adabu nzuri.

"Shikamoo babu. Shikamooni."

"Marahaba."

Akapekua kompyuta, akatoa karatasi, akaigeuza ili niione. Ilikuwa na dole gumba la bluu. Iliandikwa kwamba Gidamis amepokea kondoo mmoja, chakula na shilingi laki mbili kama fidia kamili na ya mwisho, na hana dai lingine lolote kwa mwenye gari wala kwa bima.

"Babu, hapa walishamalizana," alisema Evelyne.

Nikamtafsiria Gidamis kwa maneno mepesi. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba amekufa.

"Tumemaliza nini? Hata kondoo mwenyewe hatujammaliza, ngozi bado iko juu ya paa."

"Baba, umeweka dole gumba hapa."

"Nimeweka kwamba nimepokea! Wewe mtoto, nyumbani kwenu mtu akibisha hodi mkamkaribisha, ndiyo amekwisha kula?"

Anastasia akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Evelyne naye alitaka kucheka, akajizuia. Akasema ataandikia ofisi yao kubwa ya Arusha, turudi Alhamisi.

Tulirudi Alhamisi. Alhamisi hiyo meneja alikuwa semina. Alhamisi ya pili mtandao ulikuwa chini. Alhamisi ya tatu Arusha walitaka nakala ya kitambulisho cha Gidamis iliyogongwa muhuri wa mtendaji, na mtendaji alikuwa likizo. Nilipandisha sauti, nikaambiwa, "Mzee, punguza jazba." Jazba! Mguu wa mtu unajiunga upinde ndani ya hogo, na mimi ndiye mwenye jazba. Niliandika barua nne kwa mkono wangu, mwandiko wa kusomeka, si huu wa kubonyeza. Hakuna aliyenijibu kwa barua. Walinitumia ujumbe kwenye simu: "Dai lako linashughulikiwa."

Mwezi wa pili ulipokatika, Gidamis akaacha kunisikiliza. Akauza mbuzi wawili, akaenda mnadani kwa bodaboda, akanunua kondoo jike mweupe wa umri uleule. Asubuhi akamfunga kwenye nguzo ya duka la Elimringi, katikati ya mabati na ndoo za rangi, akaketi pembeni, magongo mapajani. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara nikiona aibu, nasema kweli. Nilidhani mambo hayo yalikwisha zamani na hakuna wa kuyaelewa.

Kondoo akalia kutwa nzima. Wateja walianza.

"Elimringi, siku hizi unauza na nyama? Kwa mfuko mmoja wa saruji napata paja?"

"Huyu ndiye mlinzi wake mpya. Anamlipa majani."

Elimringi akatoka, amekunja uso. "Gidamis, mbona unaniaibisha mbele ya wateja?"

"Sikuaibishi. Nakurudishia maneno yako. Ulisema umekuja kufungua, karatasi yako inasema umefunga. Basi chukua, tuwe kama hujaja."

"Lakini mimi nalipa bima kila mwaka, ndugu yangu! Nalipa ili nisikae vikao. Ile karatasi nilipewa na wakala, akasema nenda kawape pole, wasainishe."

"Na wewe ukaisoma?"

Elimringi akarudi ndani ya duka. Siku ya pili kondoo alikuwa bado pale, na siku ya tatu mama mmoja wa Kibarbaig aliyekuja kununua misumari alimwona, akauliza, akaelezwa kwa lugha yao. Aliiacha misumari juu ya kaunta akaondoka. Mchana huo walikuja wengine watano, hawakununua kitu, walisimama tu kumtazama Elimringi. Jioni yake akaniita mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kuandika.

"Mzee, niandikie unachotaka. Nitagonga muhuri."

Nikaandika kwamba zawadi zile zilikuwa pole, si fidia, na kwamba mwenye gari anaomba mwathirika alipwe haki yake. Akagonga muhuri wa duka mara tatu, kana kwamba mmoja usingetosha. Alimpokea kondoo wake. Nikaanza kufikiri labda bado kuna watu.

Bima ilijibu baada ya wiki saba. Kwa hekima yao, na bila kukubali kosa, walikuwa tayari kulipa milioni moja na laki nane. Miezi mitatu ilikuwa imepita zamani. Tulimrudisha Gidamis kwa daktari, akafungua hogo, akapiga picha, akatikisa kichwa. Mfupa ulikuwa umejiunga upinde. Sasa ungehitaji kuvunjwa upya, kwa fedha zaidi ya zile za kwanza, na hata hivyo hakutoa ahadi.

Nilimwambia Gidamis tukatae. Kuna msuluhishi wa mambo ya bima, kuna mahakama, nilikuwa nimeshanunua karatasi za kuandikia.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

"Mwaka. Labda miwili."

"Mzee, wewe unataka washindwe. Mimi nataka kula."

"Hiyo si haki yako! Ni nusu ya haki!"

"Najua. Nisomee karatasi yao."

Nikamsomea. Akasema nirudie. Nikarudia mpaka kwenye yale maneno ya kwamba hatakuwa na dai lingine lolote, na hapo akaninyamazisha kwa mkono.

"Hapa sasa wamefunga?"

"Wamefunga."

"Na mimi nimesikia." Akaweka dole gumba.

Niliondoka bila kuaga. Nilikasirika kama aliyeibiwa mimi. Hasira hiyo ninayo bado, ila sijui tena ni kwa ajili ya nani. Zamani nisingehitajika kabisa katika shauri hili. Wangekaa watu wanaojua mguu wa mchungaji ni nini, na hakuna ambaye angeuliza nakala.

Kwa fedha ile walinunua mitamba wanne, wakaamua kurudi Hanang. Wachinjaji walikuwa wamekwisha kumsahau, wanapakia kwenye magari wote. Niliwaona mara ya mwisho asubuhi ya mwezi wa nane, kwenye barabara ya Singida, walipovuka nje ya mji. Anastasia alikuwa mbele na fimbo, anawazuia ng'ombe kila baada ya hatua chache. Gidamis alikuwa nyuma sana, mguu wa kulia ukipiga duara kila anapoutupa, akimgombeza mkewe kwa sauti kwamba anawaachia wale wa kushoto. Anastasia akasimama, akawasimamisha wote wanne, akamngoja.

Sikuwaita. Nilikuwa na bahasha ya nakala kwapani, naipeleka kwa msuluhishi.