Kofia ya Baba Ilibaki Chuoni

Baba yangu hakuwahi kufika mahali kwa wakati, na sitaki mtu aniambie kwamba wazee wote wa Magu walikuwa hivyo, kwa sababu mama naye ni wa Magu na alikuwa anaamka kabla ya majogoo. Baba alichelewa kanisani. Alichelewa kwenye mikutano ya chama cha msingi, alikokuwa karani wa kupima pamba, na ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, alichelewa hata kuelewa kwamba kazi imekwisha. Aliendelea kuvaa kofia yake ya pama na kwenda kukaa kwenye ghala tupu. Kwa hiyo barua ya chuo iliposema wanafunzi wapya waripoti kabla ya saa sita mchana, na kwamba vitanda vya hosteli ni vichache na vitagawiwa kadiri watu wanavyofika, mimi nilianza kuhesabu saa siku hiyohiyo.

Kitanda ndicho kilikuwa chuo chenyewe. Chuo kilikuwa kipya, nje kidogo ya mji wa Mwanza, upande wa ziwani, na aliyekosa hosteli alitakiwa ajitafutie chumba cha kupanga. Baba alikuwa ameshasema, mbele ya mama na mbele ya shangazi, kwamba binti yake hapangi chumba mjini. Akikosa kitanda anarudi nyumbani, atajaribu mwaka mwingine. Shangazi, dada yake baba aliyeolewa Kisesa, aliitikia kwa kichwa haraka mno. Nilijua kwa nini. Alikuwa ameshanitafutia mchumba, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, na mwaka mmoja wa kukaa nyumbani ungemtosha shangazi kumaliza kazi.

Asubuhi ya safari nilikuta mama ameshafunga mizigo. Sanduku la bati, sawa. Godoro la sponji limekunjwa na kukazwa kwa kamba ya katani, sawa. Mchele, michembe ya viazi vikavu, dagaa, karanga, nikaguna. Halafu nikaona jembe.

"Mama, jembe la nini?"

"La shule."

"Ni chuo kikuu, mama. Hakuna kulima."

"Sekondari ulisema hivyohivyo, ukarudishwa getini."

Hilo lilikuwa kweli. Sekondari mtu hapokelewi bila jembe, fagio na ndoo, na mwaka ule nilirudishwa. Lakini haya yalikuwa mambo mengine kabisa! Nilieleza, nikapandisha sauti, nikaapa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuleta fagio na ndoo, akavifunga pamoja na jembe.

Jirani yetu, aliyekuwa ananunua pamba kwa niaba ya tajiri mmoja wa mjini, alikubali kutubeba kwenye pikapu yake. Alifika alfajiri kama alivyoahidi. Baba alikuwa bado ananyoa ndevu. Akamaliza kunyoa, akatafuta kofia, ambayo ilikuwa kichwani mwa mdogo wangu, akaipangusa, akaikunja ukingo vile alivyopenda, akatoka nje na kuanza kumwuliza dereva habari za nyumbani kwake, kuanzia watoto mpaka mbuzi. Mimi nilikuwa nimeshakaa juu ya mizigo nikitazama jua.

Tungefika mapema tu kama si Kisesa. Nilimwomba baba tangu tunaondoka: leo tusiingie kwa shangazi, tutamsalimia wakati wa kurudi. Aliniangalia kama nimemtukana.

"Nipite nyumbani kwa dada yangu kama napita porini? Tunasalimia tu, mama. Hatukai."

Aliniita mama alipotaka nisibishane. Tukaingia kusalimia tu. Shangazi alikuwa ametuona tangu barabarani, na tulipokaa tukasikia kuku analia nyuma ya nyumba. Nikajua tumekwisha. Kuku akishachinjwa hakuna mgeni anayeondoka, na shangazi alilijua hilo kuliko sisi sote. Alimpika taratibu huyo kuku. Sijawahi kuona kuku anapikwa taratibu vile. Dereva aliomba mkeka akalala. Baba alieleza habari za bei ya pamba, akazirudia. Mama, ambaye alikuwa upande wangu kabisa moyoni, hakuweza kusema neno mbele ya wifi yake, akawa ananitazama na kupiga miayo ya bandia. Nilipokataa kula shangazi alisema, "Mtoto ana wasiwasi. Kama vitanda vimeisha, vimeisha. Nyumbani ni nyumbani." Nilitamani kumrushia bakuli la mchuzi.

Tulipoingia chuoni saa sita ilikuwa imepita zamani. Wazazi wengine walikuwa wameshashusha mizigo, wananawa nyuso bombani, wanaagana. Msichana mmoja alipita na begi lenye magurudumu, la mtumba lakini zuri, akanitazama nikishusha jembe. Nikamwambia mama alifiche nyuma ya gari. Akalishika mkononi, mpini chini, kama askari.

Ofisi ya hosteli ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya rangi mpya. Mlezi wa hosteli alikuwa mama wa makamo, mnene, kanga mabegani, miwani puani, na uso wa mtu aliyejibu swali moja tangu asubuhi. Mbele yetu kulikuwa na mzazi mmoja amesimama na binti yake, anabembeleza. Mlezi alimwambia vitanda vimekwisha, pole baba, jaribu kule mjini. Binti akaanza kulia, wakatoka. Ikawa zamu yetu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Umesikia nilivyomwambia mwenzako?"

Nilisikia. Nikamgeukia baba, nikitegemea kwamba mara hii moja maishani atasema jambo la maana: atamweleza tunatoka mbali, atamwomba, hata kama ni kupiga magoti apige. Baba akavua kofia, akaivaa tena, akauliza:

"Samahani mama, wewe kwenu ni wapi?"

Hilo ndilo swali alilomwuliza kila mtu aliyekutana naye. Polisi, padri, muuza karanga. Nilifumba macho.

"Kisarawe," mlezi akajibu bila kuinua uso.

Niliposikia neno hilo nilitaka ardhi inimeze, maana nilijua kinachofuata. Kisarawe ni kwa Wazaramo, na Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, mambo yaliyoanza enzi za mababu waliotembea na mizigo hadi pwani. Mtani unamtukana unavyotaka, unamnyang'anya hata kitu, naye haruhusiwi kukasirika. Huko kijijini ni mchezo mtamu. Lakini huyu alikuwa mlezi wa hosteli ya chuo kikuu, mezani kwake, na maisha yangu yote yalikuwa mkononi mwake.

"Baba," nilinong'ona. "Tafadhali."

"Kumbe ni mtumwa wangu!" baba akapaza sauti mpaka waliokuwa nje wakachungulia. "Nashangaa hii harufu ya nazi inatoka wapi! Nani amekupa kiti wewe? Si nyie mliouza mashamba yote mkacheza ngoma? Sasa mmekuja kuuza na vitanda vya wanangu! Haya, nyanyuka, toa kitanda hapo, upesi!"

Mama alikazia macho sakafu. Dereva, aliyekuwa mlangoni na sanduku langu, alilitua polepole. Mlezi alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, akamtazama baba kuanzia viatu, ambavyo vilikuwa na vumbi la Kisesa, hadi kofia. Nilimchukia baba wakati ule. Nasema tu ilivyokuwa. Nilimwona shangazi kule Kisesa akicheka, nikayaona mazizi ya yule mfugaji.

Mlezi akanyanyuka, akaizunguka meza, akamvua baba kofia.

"Wasukuma," akasema, "mkiingia mjini mnashikana mikono msipotee, na bado mnafika saa hizi. Hii ni rehani. Siku ukiota adabu utakuja kuichukua." Akaitundika kwenye msumari nyuma ya kiti chake. Kisha akanitazama mimi, na sauti ikabadilika. "Binti, vitanda vimekwisha kweli. Kuna kimoja kibovu stoo, hakina chaga za kutosha, sijampa mtu kwa sababu kitamwangusha. Mwambie huyu mateka wangu akakibebe mwenyewe, kizima kizima, nimwone. Akikipumzisha njiani nampa mwingine."

Baba alikibeba. Alipita nacho uwanja mzima, kichwa wazi, jasho likimtiririka, mlezi akimfuata nyuma akimtukana, naye anajibu huku anahema, na wazazi wa watu wamesimama kutazama. Wengine walidhani ni ugomvi. Mimi nilibeba ndoo na fagio na kutembea mbali nao. Chumbani ilionekana kweli chaga hazitoshi, katikati palikuwa na pengo la kumeza mtu. Mama akalichukua jembe. Aligonga jembe chini mara kadhaa, mpini ukachomoka, akaulaza pale kwenye pengo, ukaenea. Halafu akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nililala juu ya mpini ule mpaka nilipohitimu, na ulinichoma mbavu kila usiku ambao sikukumbuka kulala upande.

Baba alipaswa kuifuata kofia wiki ileile. Hakuifuata. Alikuja baada ya miezi, amechelewa hata hilo, akasimama dirishani kwa mlezi na kudai mali yake, wakatukanana mpaka darasa la jirani likasimama, akaondoka bila kofia, amejaa furaha. Kila alipokuja ikawa hivyo. Wakati mwingine alikuja chuoni, wakatukanana, akarudi Magu bila hata kunitafuta! Nilikuwa nasikia tu kwa wenzangu: baba yako alikuwepo. Hakununua kofia nyingine. Jua lilimchoma upara, mama akagomba, na watu wa sokoni walipomwuliza pama lake liko wapi alijibu, "Kofia yangu iko chuo kikuu, inasoma." Nilipohitimu nilidhani yataisha. Alikuja kwenye mahafali, akafika watu wanakula, akapiga picha na mimi kichwa wazi. Nilimwambia, baba, leo kachukue hiyo kofia, aibu hii iishe. "Nitakuja siku nyingine," akasema. "Haraka ya nini?"

Nilikuwa nafanya kazi mjini alipougua. Hakuugua sana. Aliumwa kichwa, akalala kidogo, hakuamka, msimu wa pamba haujaisha na hata uzee haujamfikia. Kati ya mambo yote, hilo ndilo alilolifanya haraka. Nilienda Magu nikiwa na hasira naye, na watu walipoanza kunipa pole nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Tulikuwa makaburini, jeneza limeshafikishwa kwenye ukingo wa kaburi, vijana wameshashika kamba, ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya watu:

"Simamisheni! Hazikwi mtu hapa. Huyu ana rehani kwangu!"

Watu wakagawanyika. Alikuwa mlezi wa hosteli, amenenepa zaidi, amefunga kanga kiunoni, kofia ya pama mkononi. Alikuwa amesikia tangazo la msiba redioni, akapanda basi peke yake. Wazee walitambua kuwa ni mtani kabla hajajieleza. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kufanya ambalo mwingine hawezi, wakampisha. Shangazi wa Kisesa alitaka kumzuia, mama akamshika mkono wifi yake, mara ya kwanza maishani mwangu kumwona akimzuia.

Mlezi akaketi juu ya kifusi cha udongo, akajifuta jasho, akaanza kulisema jeneza.

"Msukuma wewe. Ulichelewa kuleta mtoto chuo, mimi ndiye niliyekutafutia kitanda. Ukachelewa kuja kuchukua kofia, miaka yote nakutunzia, naifuta vumbi. Umechelewa kila mahali ulikoitwa. Leo nani kakutuma uwahi?"

Watu walicheka. Waliinama wakacheka, hata vijana wa kamba, hata padri aligeuka pembeni. Na mimi nikacheka, kwa sauti, mbele ya kaburi la baba yangu, na hasira ile ikatoka yote pamoja na kicheko. Mlezi akanyanyuka, akaja mpaka nilipo, akanivisha kofia. Ilinukia dawa ya nondo na rangi ya ile ofisi. Ilikuwa kubwa, ikanishuka mpaka machoni, na sikuipandisha.