Ua Nililompa Jirani kwenye Ramani ya Sungusungu

Nilimwandika jirani yangu kuwa mtu asiyejulikana, na nilifanya hivyo kwa uvivu wa kutoka nje. Mkitaka kucheka, chekeni sasa.

Ilikuwa miaka ile ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia Bariadi, kila mmoja na mizani yake. Mmoja wao aliniajiri kuwa karani, akaniwekea kompyuta sebuleni kwangu. Ilinifaa sana, mimi hata kwenda Dutwa hapo karibu naaga kama naenda Ulaya. Binamu yangu, mwanajeshi mstaafu, akaniletea programu ya kuweka alama za kijeshi kwenye ramani. Mstatili ni mwenzetu, almasi ni adui, mraba ni asiye na upande, na ua la petali nne ni asiyejulikana. Nikawa jenerali wa sebuleni.

Wizi wa ng'ombe ulipozidi, mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wetu wa jadi, akaniomba ramani ya kijiji: kila boma na mwenye ng'ombe wake. Boma la jirani nililiona dirishani. Ng'ombe walikuwa na chapa tofauti tofauti. Nilijua wengine amewekewa na ndugu awatunze, yeye anywe maziwa, ndiyo desturi yetu. Lakini ndugu gani? Sikwenda kuuliza. Nikampa ua, likapendeza kweli, na chini nikaeleza maana ya kila alama kwa Kiswahili safi. Nani angesoma maandishi madogo vile?

Mtemi alisoma.

Mkutanoni wakamsimamisha jirani mbele ya watu wote, aseme ng'ombe wasiojulikana kawatoa wapi. Kama angeonekana mwizi, angetengwa: hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, hata msiba wake angezika mwenyewe. Nikasimama.

"Kosa ni langu," nikasema. "Alama ile niliichagua kwa sababu ilikuwa nzuri."

"Kumbe wewe unachagua wezi kama tunavyochagua vitenge!" akadakia bibi mmoja, mtani wangu. Watu wakacheka, mtemi naye akacheka, jirani akaachiwa.

Ila habari zilifika Lalago, kwa shemeji za jirani, kabla ya kicheko. Juma lile lile shemeji zake wakaja na fimbo, wakawaswaga ng'ombe wao wote waliomwekea. Walisema si kwamba hawamwamini, ni tahadhari tu. Wakabaki wawili, mmoja hana maziwa. Asubuhi nikawaona watoto wake wakinywa uji mweupe wa maji na chumvi.

Nikajikokota hadi kwake na kilo ya sukari.

"Mwangaluka," nikamsalimu. "Nimechora ramani mpya. Sasa nimekuweka kwenye mstatili."

Hakupokea sukari.

"Kutoka mlangoni kwako hadi hapa ni hatua ishirini, bwana. Ungekuja ukaniuliza, leo watoto wangu wangekuwa na maziwa."