Ngurumo na Ufunguo wa Jenereta

Watu wa mji ule mdogo walimwita Ngurumo, wala si kwa sauti yake, maana alikuwa mpole kupita kiasi, bali kwa jenereta ya hospitali aliyoilea miaka kumi na tisa. Umeme ukikatika, na ulikatika ulivyojisikia, Ngurumo alitupa chochote alichoshika akatimua mbio. Siku moja alimkimbia kinyozi akiwa amenyolewa nusu kichwa, na shuka bado limemning'inia shingoni. Watoto walimcheka wiki nzima.

Mwanzoni hakuwa hivyo. Kitindamimba wake alipokuwa na miaka minane, alipewa shairi la kusoma mbele ya wazazi, shuleni kwao ng'ambo ya mto. Alipofika ubeti wa pili umeme ukakatika. Ngurumo alichomoka katikati ya shairi, akatumia dakika kumi na moja kufika hospitali, akamkuta daktari anamshona mama aliyejifungua kwa upasuaji, muuguzi kamshikia tochi ya simu. Mama alipona na mtoto akapona. Daktari alinawa mikono akampita bila kumtazama. Bora angemtukana.

Tangu siku hiyo Ngurumo hakwenda mahali ambapo ni zaidi ya dakika tatu kutoka chumba cha jenereta. Harusini alikula amesimama. Msibani alikaa mlangoni, sikio liko nje. Binti akamaliza shule ya msingi, akamaliza sekondari, na mara zote mbili baba mtu alichomoka kabla ya vyeti.

Sasa anamaliza chuo cha uuguzi, mwendo wa saa nne kwa basi. Alipiga simu mwenyewe.

"Baba, wakiita jina langu nataka uwe umekaa. Kama utatoka katikati, bora usije kabisa."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipomkata maini.

Wiki mbili nzima Ngurumo alimfundisha mlinzi wa getini: fungua dizeli, angalia oili, washa, hesabu mpaka kumi, ndipo ugeuze swichi kubwa. Akarudia, akarudia tena.

"Mzee, nimeshika," mlinzi alisema. "Ukiendelea hivi nitaanza kunguruma mimi."

Siku yenyewe Ngurumo alikaa ukumbini na tai ya kuazima, mkewe pembeni. Mkewe alikuwa dobi wa hospitali hiyohiyo. Feni zilikuwa tisa, moja inachechemea. Alikwisha kuzihesabu mara nne. Goti lilimcheza, mkewe akalishika, likahamia la pili. Joto likamzidi. Alipolegeza tai, kidole kiligusa uzi shingoni.

Ufunguo wa jenereta. Alioga nao, alilala nao, ulikuwa kama ngozi yake. Alimkabidhi mlinzi tochi, glavu na daftari la dizeli, kisha akapanda basi na ufunguo kifuani.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Jukwaani majina yalikuwa yakiitwa, na wahitimu waliobaki hawakuzidi ishirini. Akainuka.

"Unakwenda wapi?" mkewe alinong'ona.

"Ufunguo ninao mimi! Na leo ni siku ya upasuaji."

"Kaa."

"Mama watoto, watu watakufa."

"Nimesema kaa. Mlinzi ana wa kwake, nimempa mimi. Nilichongesha wa pili miaka sita iliyopita, ulipolala na homa."

Ngurumo alimkodolea macho. "Siku zile uliniambia umeme haukukatika."

"Ulikatika mara mbili. Niliwasha, nikarudi kufua mashuka."

"Miaka sita! Mbona hukusema?"

"Nilikwambia mara ngapi tufundishe mtu mwingine? Ukanijibu jenereta haina wakubwa wawili. Ningekuonyesha huo ufunguo ungeninyang'anya."

Kweli angeunyang'anya. Alikaa nusu kiti, hasira zimempanda. Simu ikatetemeka mkononi. Ulikuwa ujumbe wa mlinzi: *Umeme ulikatika, tumewasha. Dakika mbili tu. Nilikuwa huko ndani, simu sikuisikia. Mzee, kula raha.*

Aliusoma mara tatu. Yeye mwenyewe hajawahi kuwasha kwa dakika mbili. Alishukuru, moyo ukatua, na papo hapo akaumia. Miaka yote hiyo amekimbia peke yake, na kumbe hakuna aliyemlazimisha awe peke yake.

Ndipo jina la binti yake likaitwa.

Alipanda jukwaani na joho lake jeusi, akapokea cheti, akageuka. Wenzake wote walipogeuka walitafuta viti vya wazazi wao. Yeye macho yalikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, pale alipozoea kuuona mgongo wa baba yake ukiishia. Hapakuwa na mtu. Akadhani baba amekwishatoka. Aliinamisha kichwa, akaanza kushuka ngazi.

Ngurumo aliona yote hayo. Alipanda juu ya kiti, tai imekwenda upande, ufunguo unabembea juu ya shati, ukumbi mzima unamtazama.

"Niko huku, mwanangu!" alipaza sauti. "Nimekaa! Nimekaa!"