Siku Niliyokubali Kila Kitu Ukweni

Bora nijianike mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine mtaongezewa chumvi: mimi ndiye yule MC wa Kambarage aliyerudishwa kutoka ukweni kwa sababu ya drafti. Ndiyo, drafti hii hii ya kibao na visoda. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mama mmoja muuza dagaa lazima aniulize, "MC, ng'ombe hawajambo?" na mimi nacheka naye, nifanyeje, ila moyoni inauma.

Wanaonijua wanajua hakuna jambo nisilokuwa na maoni nalo. Pale kijiweni, nje ya duka langu la spea za pikipiki, nimeshachambua viongozi wanaowasimamisha watoto wa shule juani wawachezee ngoma, nimeshachambua michango ya harusi, mpira, suruali za kubana, mpaka suala la kama pilau isiyo na nyama ina haki ya kuitwa pilau (haina). Mwisho wa wiki nashika kipaza sauti ukumbini na mdomo huohuo ndio unaonilisha. Kwa hiyo siku wazee wetu walipokuwa wanakwenda Mhunze kwa kina Kabula, mchumba wangu, kuzungumza mahari, baba mdogo Shija aliyekuwa msemaji wetu alinigeukia ndani ya gari akaniambia, "Sayi, ninakujua. Ukweni mdomo ni wa kulia chakula. Leo usiwe na maoni."

Nikaona ana hoja. Nikaamua palepale kwamba siku hiyo chochote nitakachoambiwa nitakubali, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu.

Tulipofika, wazee wakakaribishwa ndani. Mimi mwoaji sikutakiwa kuwemo, na baba yake Kabula, Mzee Ng'wandu, naye alikuwa amewaachia kaka zake mazungumzo, kwa hiyo yeye akabaki kwenye baraza la duka lake la mbegu na dawa za pamba, hapohapo mbele ya nyumba, na mimi nikabaki nimesimama juani na suti yangu ya kazini, ile ya buluu inayong'aa. Baraza lile ndilo kijiwe cha drafti cha mtaa mzima. Palikuwa na wanaume kadhaa na fundi cherehani mmoja, Masanja, ambaye mashine yake iko palepale na mdomo wake haukai kimya.

Nilipiga magoti nikaamkia, mzee akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kibao. Halafu akasema, "Kijana, unacheza?"

"Kidogo sana, baba." (Uongo. Kijiweni kwetu naitwa Profesa.)

"Kaa."

Jamani, kucheza drafti na baba mkwe siku ya mahari sijawahi kuona, lakini ningekataaje wakati nimeapa kukubali? Nikakaa, na tukaanza. Mzee Ng'wandu ni mtu anayezungumza huku anacheza. Akasema pamba imekwisha, bora mtu alime dengu. Nikasema kweli kabisa baba, pamba imekwisha. Akasogeza kete, akafikiri, akasema lakini dengu nayo inadanganya, mwanamume ni pamba. Nikasema kweli kabisa baba, mwanamume ni pamba. Masanja akasimamisha cherehani. Mzee akasema viongozi wanaokuja misibani angalau wana utu, nikakubali, akasema wengine wanafuata kipaza sauti tu, nikakubali kwa nguvu zaidi. Nikasikia mtu nyuma yangu anakohoa kwa kuzuia kicheko, nikadhani ana mafua.

Mama yake Kabula akaleta chai. Ilikuwa ina moshi, moshi haswa, kama sufuria ilisahauliwa kwenye kuni mbichi. Akaniuliza, "Vipi chai, baba?" Nikasema sijawahi kunywa chai nzuri namna hii tangu nizaliwe. Wanaume wote wakatazama vikombe vyao.

Kwenye kibao nako nilikuwa na shida yangu. Mzee alikuwa ameacha kete tatu wazi, mtoto wa darasa la pili angeziona, na nilijua nikizila mchezo umekwisha. Nikajifanya sijaziona, nikasogeza kete ya pembeni huko. Na drafti, kama mnavyojua, ukiwa na cha kula ni lazima ule. Mzee alinitazama tu. Masanja akasema, "Mchezaji wa wapi huyu? Kula bwana, ni lazima." Nikarudisha kete, nikala zile tatu huku naomba radhi (naomba radhi kwa kula kete!), halafu nikaanza kazi ya kumwachia zangu upande mwingine ili naye ale.

Mzee akabadilisha mazungumzo. "Harusi za siku hizi zimeharibiwa na ma-MC. Mtu mzima unaambiwa simama, cheza, tikisa."

"Kweli kabisa baba. Wale watu ni kelele tupu. Hata mimi siwapendi."

Nikasikia vikombe vinagongana kwenye sinia. Kabula alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kukusanya vyombo. Mzee akamuuliza bila kugeuka, "Kabula, si uliniambia huyu ni MC?"

Nikajibu mimi, na heri ningekohoa. "Ni kwa muda tu baba, natafuta kazi ya maana."

Kabula akaingia ndani na sinia lake, vikombe vyetu kaviacha. Mzee akapata kingi, ile kete inayotembea kibao kizima, akafagia kete zangu zote, Masanja akapiga makofi peke yake, kisha hata yeye akaacha.

"Umeniachia," mzee akasema.

"Hapana, baba."

"Tangu umekaa hapa hilo ndilo neno la kwanza la kunipinga, na ni la uongo."

Akainua kibao kwa mikono miwili akakigeuza, visoda vikamwagika barazani vikabingirika mpaka barabarani, akaingia ndani walikokuwa wazee. Mimi nikapiga magoti nikaanza kuviokota, sijui kwa nini, nadhani mikono ilitaka kazi. Kutoka pale nilimsikia vizuri, na mtaa mzima ulimsikia. "Ng'ombe zenu sina neno nazo. Lakini huyu mtu nimekaa naye, nimezungumza naye, na bado simjui. Mtoto wangu nitampa nani?"

Wazee wetu walitoka wakanikuta chini vumbini, visoda vimejaa kiganjani, watoto wa jirani wamepanga mstari wananitazama. Tukapanda gari kurudi. Tulipofika Kolandoto, karibu na nyumbani, ndipo baba mdogo Shija akatamka, "Suti imechafuka magotini."

Jioni Kabula alipiga simu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Sayi, baba aliponiuliza nimekupendea nini, nilimwambia wewe huongei la kumfurahisha mtu. Sikumtajia sifa nyingine." Halafu akasema, "Kazi yako umeikana kwa kikombe cha chai. Mimi utanikana kwa nini?" Akakata.

Niliwaza sana siku zile. Kumbe maoni yangu yote nilikuwa nayatoa mahali ambapo hayanigharimu kitu, kwa watu ambao kesho wamesahau, na nilipofika mbele ya mtu ambaye neno lake linanihusu nikamkabidhi kopo tupu nikaliita heshima. Yule mzee nilimwona mtoto wa kubembelezwa. Na sikuwa nimemheshimu, nilikuwa namwogopa, na nilikuwa najikomba.

Wiki iliyofuata nikapanda pikipiki yangu nikarudi Mhunze peke yangu, bila suti. Mzee na wenzake walikuwa palepale barazani. Nikaamkia, nikasema, "Baba, siku ile nilikudanganya. Mimi ni MC na kazi yangu naipenda. Kuna familia mbili zinakutana ukumbini hazijuani, zimenuna kama ziko foleni ya hospitali, na mimi ndiye ninayezifanya zicheke pamoja. Na pamba haijaisha, inahitaji bei tu."

"Kelele ni kelele," akasema mzee.

"Spika ni kubwa mno, hapo nakubali. Mengine nakataa."

Akapanga visoda. Tukacheza, na safari hii nilicheza kwa akili zangu zote na uprofesa wangu wote. Akanifunga. Tukarudia, akanifunga tena, vibaya zaidi. Masanja alicheka mpaka uzi ukamkatikia, akaniambia, "Yaani mzee huyu ndiye ulikuwa unamwachia?" Sijawahi kuona aibu tamu namna ile, japo aibu ni aibu.

Nimeapa, na nyie ni mashahidi, sitakubali tena kitu kwa sababu tu aliyekisema ana ng'ombe wangu au mchumba wangu mkononi.

Mzee alikuwa anapanga visoda kwa mara ya tatu wakati Kabula alipotoka na chai. Hakunisalimu. Aliniwekea kikombe, akasimama na sinia kifuani, na cherehani ikanyamaza. Nikanywa.

"Vipi chai?" akauliza.

"Ina moshi."

"Najua," akasema. "Hata ile siku ilikuwa na moshi." Akavuta kigoda akakaa upande wangu wa kibao.