Nilivyopigia Simu Yangu Magoti Malaba

Juzi nilipigia simu yangu magoti kwa matope ya Malaba, hapa mpakani, katikati ya foleni ya malori, nikilia, "Baba, nisamehe!" Madereva wakanirekodi.

Mimi ni wa bodaboda. Wingu lilikuwa jeusi, mteja hakuna, nasikiliza muziki na earphone. Muziki ukakatika. Sauti ya mwanamke, baridi kama maji ya mtungi, ikasema, "Baba anakungoja Mulanda. Ondoka sasa."

Baba tulimzika kijijini kwetu Mulanda mwaka jana. Lumbe, yale matanga ya mwisho ya kunywesha watu pombe, mimi kifungua mimba sijafanya. Nikachomoa earphone. Sauti ikatokea kwa simu yenyewe, kubwa: "Baba anakungoja." Ramani ikajifungua, mstari wa buluu ukaenda mpaka nyumbani kwetu, pale penye kaburi. Nikaiweka simu chini, nikaipigia magoti.

"Nakuja, Baba! Naleta na pombe!"

Rafiki yangu Akinyi, fundi wa simu, akatoka kibandani akachukua simu. "We Owere, inuka. Hii ni kalenda. Dada yako aliandika hapa 'Baba anakungoja' mwaka jana baba akiwa mgonjwa, na kalenda inarudia kila mwaka tarehe hii. Kalenda imeambia ramani, ramani imeambia ile ya kusoma kwa sauti. App zinapeana habari humu ndani. Nani alizikubalia?"

Mimi. Shule niliacha darasa la tano. Simu ikiuliza kwa Kizungu, najibu ndiyo.

Madereva walicheka mpaka wakaegemea malori. Akinyi hakucheka. "App hazijui baba yako amekufa," akasema. "Lakini hiyo pombe umeahidi kwa mdomo wako, na watu wote wamesikia. Nenda ukafanye lumbe."