Themanini na Nane za Eltje

Eltje Bolhuis alizaliwa mlango wa tatu kutoka kwetu, binti wa mwoka mikate, na tulikaa dawati moja miaka sita, mpaka shule ilipotutosha sote wawili. Mimi ni Hilje. Niseme mapema kwamba kwa hesabu na kwa mwandiko nilimshinda, maana katika mengine yote alinishinda yeye. Kicheko chake kiliambukiza kama surua. Siku aliyotia samaki mbichi ndani ya kiatu cha mti cha mwalimu, darasa zima lilijua na darasa zima lilinyamaza. Aliyenyoosha mkono na kumtaja ni mimi. Eltje alisimamishwa pembeni juma zima akitazama ukuta. Jumatatu akarudi dawatini, akanigonga goti chini ya meza na kuninong'oneza, "Kasuku wee, umelipwa nini?" Kisha akanimegea mkate wa zabibu.

Hakuwa na kinyongo. Ingekuwa afadhali kwangu angekuwa nacho.

Aliolewa na Tjaard, mkulima wa viazi mwenye maneno machache, ambaye starehe yake ilikuwa redio. Si redio ya kusikiliza tu, bali ya kuongelea, yenye leseni ya serikali na waya mrefu juu ya ghala. Huku kwetu mkoani Groningen baridi ni ndefu na nyumba ziko mbalimbali, na wengi walipenda mchezo huo. Mimi niliuingia nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Nilisoma vitabu vya umeme jikoni viazi vikichemka, nikafanya mtihani chumba kimoja na wahandisi, nikafaulu mara ya kwanza, mwanamke wa kwanza wilaya nzima. Cheti kiko ukutani mpaka leo.

Baadaye wakanipa kuongoza baraza la hewani la Jumapili, saa nne na nusu, watu wakishatoka kanisani. Kila mmoja alitaja jina la kituo chake, akangoja zamu, akaeleza hali ya hewa na hali ya magoti yake, akaaga. Sheria nilizishika kama sala: hakuna muziki, hakuna kuingia bila kutaja kituo, na asiye na leseni asiguse mashine. Roelf, fundi bomba, alikuwa na tabia ya kupiga mluzi katikati ya maneno yake.

"Roelf, mluzi ni muziki," nilimwambia mbele ya wote.

"Bi Hilje, huu wangu hata mbwa wangu hauiti muziki."

"Umeonywa. Naandika."

"Andika, mama, kama daftari bado lina nafasi!"

Nilisikia wakicheka, kituo baada ya kituo. Nikajiambia wacha wacheke, bila mimi hapa pangekuwa soko.

Eltje alipopigwa kiharusi, ulimi ulikwenda pamoja na mkono wa kulia. Nilimpelekea supu ya njegere mara mbili. Alinitazama, akajaribu kusema, ikatoka sauti isiyo na umbo, nami nikatazama saa ya ukutani. Mara ya tatu sikwenda. Nilisema anahitaji kupumzika.

Vuli hiyo ndipo mambo yakaanza. Nilikuwa nimefunga baraza kwa maneno yangu ya kila Jumapili, "Baraza limefungwa, asanteni kwa utaratibu," mara ikaingia filimbi ya mtu anayegonga nukta na mistari ya simu za zamani, polepole, kwa mkono mzito: taa-taa-taa-ti-ti, taa-taa-taa-ti-ti. Nane na nane: themanini na nane. Kila mwenye leseni anajua: sabini na tatu ni salamu za heshima, themanini na nane ni mahaba na mabusu. Jina la kituo halikutajwa.

"Nani huyo?" nikauliza. "Taja kituo chako!"

Aliyejibu ni Roelf: "Bi Hilje, umepata mchumba!"

Jumapili iliyofuata tena. Na iliyofuata. Sikufunga baraza hata mara moja bila mabusu yale kunifuata, na watu wakawa hawazimi redio zao ili wasiyakose. "Muache, bibi," Roelf alisema, "anamdhuru nani?" Tjaard peke yake hakuchangia mzaha. Mimi niliona nafanywa kichekesho na mvamizi asiye na leseni.

Sasa, sisi tuna mchezo wetu unaoitwa kuwinda mbweha. Mmoja hujificha na mashine ndogo, wengine humtafuta kwa redio yenye kitanzi cha waya. Unazungusha kitanzi polepole, na mahali sauti inapokufa kabisa, huko ndiko aliko. Kabati langu lina vikombe vitatu vya mchezo huo. Nikamkabidhi Roelf baraza, nikampa na maneno ya kufungia, nikapanda baiskeli na kitanzi changu. Jumapili ya kwanza nilisimama kando ya kanisa, sauti ikafa, nikachora mstari kwenye ramani. Ya pili nilisimama kwenye daraja la mfereji, nikachora mwingine. Mistari ilikatana juu ya paa la Tjaard.

Nilikwenda mpaka getini kwao. Pazia la chumba cha mbele lilikuwa wazi, na moshi ulitoka dohani. Kubisha hodi ilikuwa hatua ishirini. Nilisimama pale na mkono juu ya geti, na kitu nilichokiona moyoni mwangu kilikuwa furaha, furaha ya kumkamata mtu. Nikageuza baiskeli. Usiulize kama nilifikiri ni nani mle ndani awezaye kugonga vile. Sikutaka kufikiri.

Barua kwa ofisi ya leseni niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri, na ramani nikaipaka mistari rangi nyekundu.

Mwezi haukuisha, waya wa Tjaard ukawa chini. Nilipita asubuhi nikamkuta akiukunja kwenye majani.

"Unautengeneza?" nikauliza.

"Nimerudisha leseni." Hakuinua kichwa. "Kijana wa ofisi alikuwa muungwana, alisema onyo linatosha. Lakini alinionyesha ramani. Mwandiko ule naujua, Hilje."

"Tjaard, sheria inasema asiye na leseni..."

"Naijua sheria. Nilimvutia Eltje waya mpaka kitandani. Mkono wa kushoto unafanya kazi kidogo." Akaendelea kukunja. "Miaka yote nikiwa ghalani, nikitaka kahawa, nilimgongea themanini na nane kwenye bomba la maji. Hana lingine analolijua. Ndilo neno alilobakiwa nalo."

Nikasema sikujua.

"Unajua alikuwa akingoja nini? Akingoja useme 'asanteni kwa utaratibu.' Hapo anacheka, Hilje, anacheka mpaka mto unaanguka, ndipo anagonga. Ulikuwa ukigongewa wewe. Roelf alipofunga zile mara mbili, ilibidi nimsihi Eltje agonge, maana hakukusikia, akadhani unaumwa."

Hakunikaribisha ndani, nami sikuomba.

Jumapili ile nilitangaza kwamba Tjaard amepumzika kidogo. Hayo tu. Nilifunga baraza, nikakaa na vipokea sauti masikioni zaidi ya dakika kumi. Hapakuingia kitu.

Eltje alifariki viazi vikianza kuota. Baada ya mazishi tulikaa ukumbi wa kanisa kwa kahawa na keki, meza ya watu wa redio pembeni, na Roelf, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaniinamia.

"Bi Hilje, yule mchumba wako wa themanini na nane mbona kapotea? Ulimkamata?"

Wakageuka wote kunitazama, tayari kucheka. Ulikuwa wakati wa kusema. Eltje angesema; angesema na kuchekesha.

"Hapana," nikajibu. "Sikumpata."

Tjaard alikuwa amesimama nyuma yangu na birika. Alisikia. Aliinama juu ya bega langu, akanijazia kikombe mpaka juu, akahamia kwa mwingine.