Jino Nililolirudisha Mwenyewe

Wifi yangu alinipiga mdomoni kwa mchi tulipokuwa tunatwanga mpunga nyuma ya nyumba ya mama mkwe, huko Kabambare. Tuligombania ungo. Ulikuwa wangu, nilikuja nao kutoka kwetu Kasongo nilipoolewa, na yeye alikuwa na tabia ya kuuchukua bila kuomba na kuurudisha umepasuka ukingo. Siku hiyo niliushika, naye akaushika. Nikamwambia aende akasuke wake. Mkono wake wa pili ulikuwa na mchi.

Maumivu hayakuja kwanza. Nilisikia kitu kigumu juu ya ulimi, nikakitema kiganjani: jino langu la mbele, zima, pamoja na mzizi wake. Sikuwa nimejua kwamba jino lina mzizi mrefu namna ile.

Zamani, nilipompeleka mtoto wangu wa kwanza kupimwa uzito, muuguzi wa kituo cha afya alitueleza akina mama habari ya jino linalong'oka kwa pigo. La utotoni halirudishwi. La mtu mzima usilishike kwenye mzizi, usilisugue. Lisuuze kidogo kwa maji safi, lirudishe shimoni mwake upesi, uma kitambaa, nenda kwa mganga wa meno siku ileile. Likikataa kuingia, liweke katika maziwa, au lifiche ndani ya shavu lisikauke. Wengine walicheka. Mimi nilikuwa nimesikiliza.

Basi nililishika kwenye kichwa chake cheupe, nikalimwagia maji ya kunywa, nikalisukuma. Machozi yalinitoka yenyewe. Lilipokaa, nikakunja kipande cha kitenge kilichofuliwa, nikakiuma.

Hapo mama mkwe akafika kutoka shambani na mzigo wa kuni, akaona damu kifuani kwangu.

"Nini imefanyika?"

"Aliteleza," wifi akasema. "Akapiga mudomo ku kinu."

Nilimwangalia. Alikuwa ameshauweka mchi chini na kuuchukua ungo wangu, anapepeta. Ningefungua mdomo kumjibu, jino lingedondoka. Nikachagua jino. Nilimtikisia mama mkwe kichwa, hapana, hapana, lakini yeye alidhani ni maumivu.

"Pole, mama," akaniambia. "Jino ikishatoka imetoka. Tupa tu."

Jirani mmoja aliyekuwa motard alinipakia kwenye pikipiki yake kwenda Kasongo. Barabara ile ni mashimo na matope, na kila tuliporushwa nilibana taya. Njia nzima sikutamka neno, ila moyoni sikunyamaza. Nilimtukana wifi kwa Kiswahili, nikaja kumtukana kwa Kizimba, lugha ya mama yangu, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Hospitalini mganga wa meno alilifunga jino kwa waya mwembamba pamoja na wenzake. Akauliza nani alilirudisha. Nikajionyesha kwa kidole. "Ulifanya muzuri," akasema. Nilikunywa uji mpaka nikauchukia. Jino lilishika. Leo lina rangi ya kijivu kidogo, lakini ni langu.

Niliporudi Kabambare, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nilianguka. Kanisani akina mama waliniambia niangalie ninapokanyaga, wakacheka. Nilimweleza mama mkwe ukweli. Akasema yaliyopita yamepita. Bwana wangu alikuwa mbali, Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na mama mkwe hakutaka watoto wake wachukiane. Kwa hiyo nilingoja.

Mvua zilizofuata, gego la chini la wifi lilianza kumuuma. Nilijua kabla hajasema, kwa sababu alianza kutafuna upande mmoja, na mimi nilikuwa namwangalia kila alipokula. Hakuniuliza kitu. Aliweka karafuu, hiyo haina ubaya. Kisha mtu akamshauri maji ya batri, akayachovya kwa pamba na kuyatia jinoni. Fizi ikaungua ikawa nyeupe. Akakanda shavu kwa kitambaa cha moto, uvimbe ukazidi mpaka chini ya taya, ngozi ikang'aa, homa ikapanda.

Mama mkwe akanifuata jikoni. "Wewe ulishapita mambo ya meno. Kuja uone."

Nilimkuta wifi ameketi kwenye kigoda, na akina mama wa kanisa wamekuja kumpa pole. Nilichemsha maji, nikayaacha yawe vuguvugu, nikatia chumvi, nikamwambia asukutue ateme. Nikamwekea shavuni kitambaa cha maji baridi.

"Hii haiponi nyumbani," nikamwambia. "Ikishuka shingoni itakuzuia kupumua. Unaenda Kasongo sasa hivi. Nimeshamtuma mutu kuita motard."

"Unisindikize, wifi." Alikuwa anaogopa.

"Nitakusindikiza. Tukiwa tunamungoja, ambia hawa mama jino yangu ilitokaka namna gani."

Akamwangalia mama yake. Mama yake akaangalia chini.

"Ulianguka," akasema.

"Sema muzuri."

Mate yalikuwa yanamtiririka kidevuni. "Nilimupiga," akasema. "Na muchi. Sababu ya lungo."

Mmoja wa wale akina mama akasema polepole, "Na sisi tulikuwa tunamucheka."

Sikusema asante. Pikipiki ilipofika nilikaa nyuma yake, nikamshika asianguke, na kila shimo lilipomliza nilikisikiliza kile kilio. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia.

Kasongo walimtoa usaha, wakaling'oa gego, wakamwambia aume pamba, asiongee. Nikaketi kando ya kitanda, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyatunza, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisikie. Alilia. Nilimpangusa mdomo, nikaendelea.

Alipona. Bwana wangu aliporudi kutoka Salamabila, mama yake mwenyewe ndiye aliyemweleza habari, naye akaniomba nimsamehe dada yake. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Tunaishi ua mmoja, majiko mawili. Juzi wifi alikuja na bakuli la sombe, majani ya muhogo aliyoyapika mwenyewe, akasimama mlangoni akingoja nimkaribishe. Nilipokea sombe. Sikumkaribisha.